Siku nne Kigali na mtoto wa miezi 22

Swali: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na binti yetu ana miezi 22. Tumepata siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, na tunatamani sana kwenda Kigali. Hatujawahi kutoka nje ya nchi na mtoto. Mama mkwe anasema tumwachie yeye: mtoto bado mdogo, atarudi na homa, na wala hatakumbuka alikokwenda. Rafiki yangu naye kanitumia orodha ya sehemu kumi na tano za kutembelea. Tena bado ananyonya, hasa usiku, na nilifikiria kumwachisha kabla hatujaondoka ili safari iwe nyepesi. Naomba ushauri wako. Mama Nuru.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nendeni, tena mwende naye.

Kwa familia inayoanza, Kigali ni mji mwema. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar inakaa hewani chini ya saa mbili. Nyinyi ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo viza hamlipii. Mji wenyewe si mkubwa, njia za waenda kwa miguu zipo na zinatunzwa, na mkikwama kwa lugha hamtakosa mtu wa kuwajibu kwa Kiswahili, hasa upande wa Nyamirambo. Ila ile orodha ya sehemu kumi na tano iweke kando kabisa. Nilifanya uuguzi wa watoto kabla sijaingia kwenye kazi ya kupanga safari za familia, na kote huko nimeona jambo lilelile: safari fupi ya mjini na mtoto wa umri huu inasimama au inaanguka kwa usingizi wake wa mchana. Mnapochagua chumba, ndege, mahali pa kula na mahali pa kutembea, jiulizeni swali hili: ikifika saa saba mchana, Nuru atakuwa amelala kitandani penye utulivu, au atakuwa ndani ya teksi?

Nieleze kwa nini nalikazania. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala kati ya saa 11 na 14 kwa siku nzima, mchana ukiwamo. Wengi wa umri wa Nuru wameshabaki na usingizi mmoja tu wa mchana, kwa hiyo ukiupoteza huo hakuna mwingine wa kuufidia. Na mahali pageni panamchosha haraka kuliko nyumbani, maana kila sauti, kila sura na kila harufu ni mpya na anaishughulikia yote. Watu hudhani mtoto aliyekosa kulala mchana atalala mapema jioni. Mara nyingi inakuwa kinyume: anachangamka kupita kiasi, anakataa chakula, anajitupa chini kwa jambo dogo, na usiku anaamka mara tatu. Wazazi wanarudi nyumbani wakisema mtoto wao ni msumbufu, hafai kusafiri. Si msumbufu. Alinyimwa usingizi siku tatu mfululizo.

Kwa hiyo mpango ni huu: jambo moja asubuhi, kurudi kwenye chumba kula na kulala, halafu jambo moja jioni kabla ya giza. Alhamisi mnafika na Jumapili mnaondoka, basi mna siku mbili kamili, yaani mambo manne, na pengine la tano Jumapili asubuhi. Yanatosha sana.

Ukishakubali hivyo, utaona kwamba chumba ndicho kitu kikubwa mnachonunua katika safari hii. Kigali ni mji wa vilima, na kwenye ramani sehemu mbili zinaweza kuonekana jirani kumbe kati yake kuna bonde na mlima. Kaeni katikati: Kimihurura, Kiyovu au Kacyiru. Kutoka huko sehemu nitakazokutajia haziko mbali kwa gari, kwa hiyo kurudi kwa ajili ya usingizi hakutawauma. Mimi ningechagua nyumba ndogo ya kupanga yenye jiko, au nyumba ya wageni yenye bustani na geti, kabla ya hoteli ya ghorofa. Mtoto anahitaji ardhi ya kukimbilia asubuhi, maana ataamka mapema kuliko mnavyodhani.

Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kama Nuru huamka saa 12 asubuhi Tabata, Kigali ataamka saa 11 alfajiri, na nje bado giza. Msijaribu kumbadilisha. Kwa usiku tatu tu, aishi kwa saa za Dar: usingizi wa saa 7 mchana uwe saa 6 ya Kigali, na kulala saa 2 usiku kuwe saa 1. Faida yake ni kwamba saa 1 asubuhi mko barabarani, hewa ni ya baridi tamu na mji bado haujajaa, na jioni mnabaki na muda wenu wawili barazani mtoto akiwa amelala ndani. Hii nayo ni sababu ya kutafuta nyumba yenye baraza au sebule. Chumba kimoja cha hoteli kitawafanya mkae gizani mkinong'ona tangu saa 1 usiku.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba. Muulize kama kuna chandarua kinachozunguka kitanda chote, kama pazia linazuia mwanga wa mchana, kama ngazi na kibaraza vina uzio ambao mtoto hawezi kupenya, na kama jirani kuna baa inayopiga muziki Ijumaa na Jumamosi. Omba picha ya bafu. Nyingi zina bomba la mvua tu, na watoto wengi wa umri huu wanaliogopa, hasa ugenini. Omba beseni kubwa la plastiki. Ni ombi dogo ambalo hakuna atakayelikataa, na litakuokolea kilio cha kila jioni.

Sasa ndege. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hukaa mapajani, na kwa safari za nje mashirika mengi hutoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi. Akishatimiza miaka miwili lazima awe na kiti chake. Kinachohesabiwa ni umri wake siku ya kila safari ya ndege, si siku mliyokata tiketi, kwa hiyo mkienda ana miezi 23 na kurudi ameshatimiza miwili, tiketi ya kurudi inabadilika. Mna miezi miwili. Itumieni.

Msichague ndege ya saa ya kulala mkitumaini atalala humo. Kwa safari fupi hivi, kupanda, kufunga mkanda na kutua vitamkatiza kila anapozama. Kwenda, tafuteni ya asubuhi. Kurudi, ya jioni baada ya kuamka. Mkiitwa kupanda, msikimbilie kuwa wa kwanza: baba aingie na mizigo, wewe baki na Nuru ukumbini akimbie mpaka watu waishe. Dakika ishirini za kukaa mapajani ndani ya ndege iliyosimama ni nyingi kuliko za angani.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupaa, na ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Anachohitaji ni kumeza mara kwa mara, maana kumeza ndiko kunakofungua njia ya hewa kati ya koo na sikio. Mnyonyeshe hapo. Kama hataki, mpe kikombe chenye mrija au biskuti ngumu ya kutafuna. Kwa hiyo usimnyonyeshe mpaka ashibe mkiwa bado juu, ukafika wakati wa kushuka hataki tena. Kama amelala fofofo, mwamshe mnapoanza kushuka. Na kama ana mafua mazito au sikio linamuuma, mpeleke kwa daktari aliangalie kabla ya kusafiri.

Kuna jambo ninalotaka unisikilize vizuri. Watakuja watu, wenye mapenzi mema kabisa, kukwambia umpe Piriton au dawa ya mafua ili alale kwenye ndege. Usimpe. Dawa za kundi hilo zinaweza kumfanya mtoto mdogo apumue kwa shida. Promethazine ndiyo hatari zaidi, na haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Wengine zinawapindua: badala ya kulala wanahangaika safari nzima. Safari yenyewe haifiki saa mbili. Kitabu cha picha, stika za kubandika na kubandua, vikombe vitatu vya plastiki vya kuingiza kimoja ndani ya kingine, na vitafunwa vilivyogawanywa vidogovidogo kwenye kopo lenye vyumba vinatosha kumvusha.

Nyaraka ni fupi. Nuru anahitaji pasipoti yake mwenyewe, na kazi hiyo ianzeni mapema kwa sababu mtahitaji cheti chake cha kuzaliwa kutoka RITA. Nakala ya cheti hicho itembee nanyi. Ikitokea mzazi mmoja tu anasafiri naye, abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Kadi ya njano ya homa ya manjano ibebeni wote watatu, inaweza kuulizwa mkienda au mkirudi. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo msiache mpaka wiki ya mwisho.

Kuhusu mizigo, watu wa Dar huwa wanasahau baridi. Kigali iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mchana ni joto la kupendeza, lakini asubuhi na usiku nyuzi zinaweza kushuka hadi 15 au 16, na mtoto wa Tabata hajazoea. Sweta mbili, soksi, suruali ndefu ya kulalia. Kati ya Machi na Mei mvua ni nyingi. Juni hadi Agosti ni kukavu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, miaka 11 kabla yetu, na uwanja wa ndege wanakagua. Msiweke nguo zake kwenye vifuko vya plastiki, na zile rambo nyepesi za kutupia pampasi chafu ziacheni nyumbani. Shona au nunua mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji. Pampasi zenyewe zinapatikana Kigali, bebeni za siku mbili tu. Ila unga wake wa uji wa lishe ubebe wa kutosha. Mtoto anayekataa kila kitu ugenini mara nyingi hukubali uji uleule wa nyumbani, kwenye kikombe kilekile.

Kigari cha kusukuma ni cha hiari. Njia ni nzuri lakini miinuko ni mikali, na mikono itauma. Bebeni chepesi kinachokunjika, na khanga. Utawaona akina mama wa Kigali wakipanda vilima vile na watoto mgongoni bila shida, nawe ukimfunga Nuru mgongoni hakuna atakayekushangaa. Mgongoni ndipo atakapolala siku ile ambayo mmechelewa kurudi.

Barabara nazo zina jambo lake: Rwanda magari yanapita kulia. Wewe umezoea tangu utoto kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, na mwili utafanya hivyo wenyewe, kumbe gari linatoka kushoto. Katika siku ya kwanza mkubaliane kwamba hamvuki bila kusimama na kutazama pande zote mbili, mtoto akiwa amebebwa au ameshikwa kifundo cha mkono, si kidole. Hata mlango wa kushukia kwenye teksi ni ule wa upande wa kulia. Pikipiki za abiria, ambazo huko huitwa moto, ni za bei nafuu na ziko kila kona. Msizipande na mtoto. Chukueni teksi za kuita kwa simu. Teksi nyingi hazina kiti cha mtoto, kwa hiyo kama mnacho cha kwenu, bebeni. Uliza shirika lenu, mengi hukisafirisha bila malipo. Kama hamna, akae kiti cha nyuma, katikati yenu, na usimfunge kamwe ndani ya mkanda wako mwenyewe. Gari likifunga breki ghafla, uzito wako wote unamkandamiza yeye.

Chakula hakitawasumbua, kusubiri ndiko kutakakowasumbua. Migahawa mingi ya Kigali hupika unapoagiza, na saa nzima inaweza kupita kati ya kuagiza na sahani kufika. Mtu mzima anaongea na kutazama vilima. Mtoto wa miezi 22 mwenye njaa hana subira hiyo, na hapaswi kudaiwa. Mchana tafuteni sehemu zinazouza melange: wali, viazi, ndizi za kupika, maharage, isombe ambayo ni kisamvu chetu, vyote vimeshaiva na vimepangwa mezani, unajipakulia. Mtakula ndani ya dakika tano. Jioni, kama mna jiko, pikeni. Kama mnatoka, mpigie mwenye mgahawa uagize kabla hamjaondoka, na Nuru awe ameshakula kitu. Viti virefu vya watoto ni vya nadra, khanga inayomfunga kiunoni kwenye kiti cha kawaida inafanya kazi hiyo.

Na msikose vibanda vya maziwa. Wanyarwanda ni watu wa ng'ombe, na mjini kuna vibanda vinavyouza maziwa tu: inshyushyu, maziwa freshi ya moto, na ikivuguto, mtindi mzito wa baridi, pamoja na chapati, mandazi na mayai ya kuchemsha. Tafuteni kibanda kilicho karibu na nyumba mliyofikia, mwulizeni muuzaji kama maziwa yamechemshwa, kisha mwagizie Nuru nusu kikombe cha moto kipoe mezani. Chai ya asubuhi ya familia nzima inamalizikia hapo. Maji ya bomba msimpe. Ya chupa, au yaliyochemshwa kwenye birika lenu.

Sasa hizo sehemu nne. Ya kwanza ni Imbuga City Walk, katikati ya mji, barabara iliyofungwa magari. Pana mabenchi, miti na nafasi ya watoto kucheza. Mwachie Nuru aongoze. Mtoto wa umri huu hatazami mji kwa urefu wenu, anautazama kwa urefu wa goti: kifuniko cha mfereji, mstari wa mawe, ngazi tatu atakazopanda na kushuka mara ishirini. Mkimvuta kwenda kwenye kitu “cha maana”, mtagombana. Mkikaa benchi kwa zamu, mtaona mji ukipita na yeye atakuwa amepata asubuhi yake.

Ya pili ni Nyandungu, bustani ya ardhi oevu ya zaidi ya hekta 120, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya bonde lililokuwa limeharibiwa kurudishiwa mimea na maji yake. Kuna kiingilio. Njia zake ni tambarare kwa kiasi, kuna mabwawa na ndege wengi, na kigari kinapita. Iko upande wa uwanja wa ndege, kwa hiyo inafaa Jumapili asubuhi. Karibu na maji mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kumwangalia mtoto, simu ikiwa mfukoni.

Ya tatu, ninayoipenda mimi kuliko zote, ni Biryogo, Nyamirambo, jioni kabla ya jua kuzama. Nyamirambo ni mtaa wa zamani wa Waislamu na wafanyabiashara, na Kiswahili kimekaa humo miaka mingi. Mtaa mmoja wa Biryogo umefungwa magari, ukapakwa rangi chini, na meza zimewekwa nje barabarani. Niliwahi kukaa hapo nikatazama kitoto kama cha umri wa Nuru kikizunguka na kipande cha chapati mkononi, kikigusa kila kiti cha plastiki kwa zamu. Kiti cha bluu kilipita, cha kijani kikapita, kikarudi cha bluu. Mzee mmoja aliinuka akakisogezea kiti chake ili nacho kiguswe. Mama yake alikuwa anakunywa chai yake yote ikiwa bado ya moto. Agizeni chai, mishkaki na chipsi, mkae. Mtaondoka kabla ya saa 1 na mtakuwa mmeona Kigali.

Ya nne chagueni wenyewe kufuatana na hali ya mtoto. Inema, kituo cha sanaa kilichoanzishwa na ndugu wawili wasanii mwaka 2012, kina ua wa kuzungukia na rangi za kutazama. Makumbusho ya Kandt, kwenye nyumba inayohusishwa na Mjerumani Richard Kandt aliyeanzisha mji huu mwaka 1907, yana nyoka hai. Kama Nuru anapenda wanyama, atasimama pale muda mrefu.

Kuhusu Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, naona yamo kwenye orodha ya rafiki yako, na yanastahili kuwamo. Yalifunguliwa mwaka 2004, na wamezikwa pale zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Msiende na mtoto. Si kwamba ataelewa na kuogopa. Pale watu wanakuja kwenye makaburi ya wazazi na watoto wao, na mtoto mdogo hawezi kutulia wala hatakiwi kulazimishwa. Nanyi mkiwa mnamkimbilia hamtasoma wala kusikia chochote. Nendeni kwa zamu wakati amelala mchana: Ijumaa baba, Jumamosi wewe. Nenda peke yako, usiharakishe, na ukirudi mpe mwenzako nafasi usiongee kwanza. Mkichagua tarehe, jueni pia kwamba kuanzia Aprili 7 nchi inaingia kwenye wiki ya maombolezo. Burudani zinasimama na mji unakuwa kimya.

Mkiwa bado kwenye kalenda: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi za pamoja za jamii, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Maduka yanafungwa na magari yanapungua barabarani. Ikiangukia Jumamosi yenu, asubuhi hiyo bakini nyumbani na bustani, na mnunue maziwa na mkate Ijumaa. Jumapili mbili kila mwezi, kwa upande mwingine, baadhi ya barabara kubwa hufungwa magari asubuhi na watu hukimbia na kuendesha baiskeli. Hiyo ikiwakuta, tokeni. Mtoto kukimbia katikati ya barabara ya lami bila gari hata moja ni jambo ambalo Dar hamlipati.

Nije kwa mama mkwe, na naomba usimjibu kwa kumshinda. Anaposema homa, anasema kitu cha kweli: mtoto wa umri huu huugua popote, na Kigali malaria ipo kama Dar. Mwonyeshe kwamba mmejiandaa. Chandarua kila usiku, hata kwa usingizi wa mchana. Dawa ya kufukuza mbu ya kupaka isiyozidi asilimia 30 ya DEET, wewe ndiye umpake, usimpake viganjani kwa sababu ataweka mdomoni. Mpimeni uzito kabla ya kuondoka na muandike. Kwa mtoto wa kilo 11, paracetamol ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, kipimo ni mililita 5, kwa kuachanisha angalau saa nne, isizidi mara nne kwa siku. Kama kilo zake ni nyingine, mfamasia akuhesabie. Bebeni pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Homa ikija, apimwe malaria siku hiyohiyo, msisubiri kurudi. Na akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke vizuri, hapo ni hospitali bila kuchelewa. King Faisal iko Kacyiru, na namba ya gari la wagonjwa Rwanda ni 912. Bima yenu ya hapa huenda isifanye kazi kule, nunueni ya safari. Nayo ni ya bei ndogo kwa siku nne.

Kuhusu kutokumbuka, yuko sahihi pia. Nuru hataikumbuka Kigali. Lakini hamwendi kumwekea kumbukumbu. Mnaenda kwa sababu ninyi mnataka kuona mji, na mnampenda kiasi cha kutotaka kuuona bila yeye. Hiyo ni sababu kamili, na haihitaji nyingine. Kama mngekuwa mnataka kupumzika, kulala mpaka saa 3 na kula usiku nje, basi ningekwambia umkubalie bibi yake, tena kwa shukrani. Zungumzeni na mumeo muwe wakweli juu ya hilo kabla ya kulipa tiketi.

La mwisho ni kumwachisha ziwa. Usifanye hivyo kabla ya safari. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, kwa hiyo Nuru hajachelewa. Kumwachisha wiki moja kabla ya kumlaza kwenye kitanda kigeni ni kumtoa vitu viwili alivyovizoea kwa mpigo, na usiku utaulipia wewe. Ziwa ndilo litakalomfungua masikio ndege ikishuka, ndilo litakalomrudisha usingizini saa 8 usiku akishtuka hajui yuko wapi, na akipata tumbo ndilo kinywaji atakachokubali cha kwanza. Mkirudi Tabata mpe wiki mbili azoee tena kitanda chake, kisha anza taratibu, ukiondoa nyonyo la mchana kwanza na la usiku mwisho.